Mbona mashudu ya alizeti hayakaangwi?

Kizota, Dodoma, saa saba mchana, mashine ya kukamua alizeti imezimwa ili skrubu ipoe. Mama mmoja mfugaji amekuja na viroba viwili kuchukua mashudu ya kuku. Anachota konzi moja, anaivunja kwa vidole, anainusa, kisha anamgeukia kijana wa mizani.

"Mwanangu, soya mnatuambia tusiwape kuku mbichi, tuikaange au tuichemshe kwanza. Haya mbona hamsemi tuyakaange?"

"Alizeti haina ile sumu ya soya, mama."

Mama akaridhika. Akalipa, viroba vikafungwa kwenye bodaboda, akaondoka.

Kwa kuku, jibu lile linafaa kabisa. Kwa kemia, si kweli.

Limenikaa kooni wiki kadhaa sasa. "Sumu ya soya" aliyoisema kijana ni kizuia-tripsini, na punje ya alizeti inacho kizuia-tripsini chake. Tena ni miongoni mwa vikali kabisa vinavyojulikana kwa umbo dogo namna hiyo. Na sufuria ya kukaangia si kitu cha kutegemea kukiua.

## Jino lilelile

Tripsini, kimeng'enya cha utumboni, hukata mnyororo wa protini mara tu baada ya lisini au arginini. Kizuizi huiletea lisini hiyo ikiwa imekazwa kwenye kitanzi kigumu. Tripsini inauma, lakini kitanzi hakilegei: ncha mbili zilizokatwa zinabaki palepale zikitazamana, na mara nyingi zinaungana tena kabla maji hayajapenya. Kinywa kimejaa, hakitafuni kingine. Chakula kinapita utumbo nusu nzima, kongosho linasukumwa litoe tripsini zaidi, na kuku aliyeshindiliwa soya mbichi kwa wiki kadhaa anaishia kudumaa huku kongosho limevimba.

Soya ina vizuizi vya aina mbili. Cha kwanza, cha Kunitz, ni kikubwa, kina asidi amino 181 na madaraja mawili tu ya salfa, yaani viungo vinavyofunga sehemu mbili za uzi wa protini. Joto lenye unyevu hukimaliza, ndiyo maana kuchemsha soya nusu saa kunasaidia kuliko kuikaanga kavukavu. Cha pili, cha Bowman-Birk, ni kidogo, asidi amino 71, lakini kimeshonwa kwa madaraja saba ya salfa, na motoni kinavumilia zaidi. Hiki cha pili ndicho chenye kitanzi kinachotuhusu. Kwa herufi za asidi amino, kinasomeka hivi:

C-T-K-S-N-P-P-Q-C

Na hiki ni kitanzi cha alizeti:

C-T-K-S-I-P-P-I-C

Herufi tisa, tofauti mbili. K, jino lenyewe, ni ile lisini inayoingia kinywani mwa tripsini, na iko mahali palepale.

Soya ni ndugu wa kunde. Alizeti ni ndugu wa kishona nguo kinachong'ang'ania suruali yako ukikatiza shambani. Koo hizi mbili hazikurithishana jino hili. Kila mmoja alilifikia kwa njia yake. Ukilitazama kwa muda unaelewa kwa nini jibu la "alizeti haina" linawasha.

Kizuizi cha alizeti kinaitwa SFTI-1. Umbo lake lilichapishwa mwaka 1999, likiwa limenaswa ndani ya tripsini ya ng'ombe kwenye fuwele. Kina asidi amino 14 peke yake na daraja moja tu la salfa, lakini kinaikamata tripsini kwa nguvu ya nanomola 0.1, na hapa namba ndogo ni mshiko mkali. Kitu kidogo kiasi hicho kwa kawaida hulegea, hupinda ovyo, na vimeng'enya hukimaliza kwa dakika. Hiki hakilegei.

Hakina mwanzo wala mwisho.

## Ngata

Protini ya kawaida ni uzi wenye ncha mbili, na baadhi ya vimeng'enya vya utumboni huanzia kwenye ncha, vikila asidi amino moja baada ya nyingine. Mwenye kubeba ndoo kichwani husokota kitambaa cha khanga akakifanya ngata. Kwa mbali ngata ni pete kamili. Ukiisogelea utaiona ncha iliyofichwa chini ya mikunjo, na ukiivuta yote inafumuka.

SFTI-1 ni ngata isiyo na ncha ya kuvuta. Asidi amino ya 14, aspateti, imeungana na ya kwanza, glisini, kwa bondi ileile ya peptidi inayounganisha nyingine zote. Hakuna gundi ya pembeni. Ukipewa kipande hicho bila kuambiwa kitu, huwezi kuonyesha mshono ulipo.

Herufi zote, kwa mpangilio tuliozoea kuziandika: G-R-C-T-K-S-I-P-P-I-C-F-P-D, kisha unarudi G.

## Chungu cha Kongo

Dunia ya sayansi haikuanza kuzielewa pete hizi kupitia alizeti. Ilianzia kwenye chai ya uzazi.

Miaka ya 1960 daktari Mnorwe, Lorents Gran, alikuwa Kongo na Msalaba Mwekundu. Aliona wanawake wakitumia chai ya mmea mdogo waliouita kalata-kalata ili kuharakisha uchungu. Kwa wanabotania mmea huo ni Oldenlandia affinis, wa ukoo mmoja na mbuni wa kahawa. Gran aliufuatilia hadi kwenye peptidi, na mwaka 1973 yeye na mwenzake Sletten wakachapisha sifa za ile waliyoiita kalata B1.

Pamoja na hayo, wangeweza kuhesabu asidi amino zilizomo lakini mpangilio wake hawakuupata. Njia ya wakati ule ya kusoma protini huanza kwenye ncha ya kwanza na kung'oa moja moja, na hapa ncha ya kuanzia haikuwepo. Ilibidi kusubiri hadi 1995 ndipo kundi la Saether na Craik lilipoonyesha kwamba kalata B1 ni pete ya asidi amino 29. Mwaka 1999 jamaa nzima ikapewa jina, saiklotaidi. Tangu hapo zimepatikana kwenye koo za kahawa, za urujuani, za matango, za nyanya na za kunde. Mmojawapo wa ukoo wa kunde ni Clitoria ternatea, ule wenye maua ya buluu yanayokaushwa kwa chai.

Kinachonivuta hapa ni chungu. Ile chai inachemshwa. Mwanafunzi yeyote wa kidato cha tatu atakuambia protini ikichemka inaharibika, mfano wake yai. Na bado kilichobaki kwenye chungu kilifanya kazi.

Mwaka 2013 watafiti wa Vienna walionyesha njia mojawapo: saiklotaidi nyingine ya mmea huohuo, kalata B7, inagusa vipokezi vya oksitosini, homoni ileile inayotundikiwa mama kwenye dripu hospitalini. Kitanzi chake kimoja kinasomeka C-Y-T-Q-G-C, na oksitosini yenyewe inaanza C-Y-I-Q-N-C.

Hapa niseme kitu nje ya mada. Kwenye dripu oksitosini inahesabiwa matone, na ikizidi inafungwa. Chungu hakina koki ya kufunga, na mfuko wa uzazi unaobana kupita kiasi unaweza kumkosesha mtoto hewa au kupasuka. Peptidi kustahimili moto ndiko kunakoifanya chai ya namna hiyo kuwa dawa ya kweli, na ndiko kunakoifanya iwe hatari.

## Mkasi unaoshona

Ribosomu, mashine ya seli inayojenga protini, haitengenezi pete. Inatoa uzi, siku zote uzi, wenye kichwa na mkia. Basi mshono unatoka wapi?

Kwa alizeti jibu lilichapishwa mwaka 2011 na Mylne na wenzake. Jeni inayohusika, PawS1, ni jeni ya albumini, protini ya akiba ambayo mbegu hujiwekea kwa ajili ya kuota. SFTI-1 imefichwa ndani ya mnyororo huo mrefu kama sarafu iliyoshonewa kwenye pindo la khanga. Punje inapokomaa, kimeng'enya kiitwacho asparajini-endopeptidezi hupita kikikata albumini ili ikae sawa kwenye hifadhi yake. Kazi yake ni mkasi: hukata baada ya asparajini au aspateti.

Kinakata mbele ya glisini, kichwa cha SFTI-1 kinakuwa huru. Kinakuja kwenye aspateti ya 14, ambako bado unaning'inia mkia wa G-L-D-N. Kinauma, mkia unaanguka, na kwa kitambo kifupi aspateti inabaki imeshikwa kwenye salfa ya kimeng'enya chenyewe.

Hapo ndipo pa kuamua.

Maji yakifika kwanza, aspateti inaachiliwa na unapata uzi wa kawaida. Kichwa kile kilichokuwa huru kikifika kwanza, kinashika nafasi ya mkia na pete inafunga. Zana ni ileile na mng'ato ni uleule, tofauti ni nani kawahi. Kutokana na hilo mpangilio wa kukata una maana: mkia ukikatwa kabla kichwa hakijaachiliwa, hakuna cha kuja kushika nafasi, na pete imepotea.

Vimeng'enya vingi vya jamii hii ni vikasi tu, maji huvishinda. Vichache vimeelemea upande wa kushona. Butelesi 1 ya Clitoria, iliyotangazwa mwaka 2014, ndiyo maarufu: ukiweka asparajini-histidini-valini mwishoni mwa peptidi yako, inakata hizo mbili za mwisho na kufunga pete. Mwaka uliofuata ikaja ya Oldenlandia. Leo maabara zinazitumia kufunga peptidi ambazo hazijawahi kuonana na mmea.

## Shaka

Hadi hapa simulizi imenyooka: pete haina ncha, kwa hiyo haifi. Nilitaka makala iishie hapo. Lakini ukisoma majaribio yenyewe, inayumba.

Mwaka 2004 Colgrave na Craik waliipitisha kalata B1 kwenye kila mateso: joto la karibu na kuchemka, guanidini hidrokloridi ya mola 6 ambayo hufumua protini, vimeng'enya vya kumeng'enya. Ikasimama. Kisha wakavunja madaraja ya salfa na kuiacha pete yenyewe ikiwa nzima. Ulinzi ukaondoka.

Kwa hiyo kinachoikinga kwa moto si pete. Ni fundo.

Sisteini sita za kalata B1, zile C zinazobeba salfa, zimeungana ya 1 na ya 4, ya 2 na ya 5, ya 3 na ya 6. Madaraja mawili ya mwanzo, pamoja na vipande vya uzi vilivyo kati yake, yanafanya tundu dogo la asidi amino nane tu. Daraja la tatu linapita katikati ya tundu hilo. Ukitaka kuliona, chukua ukili, funga kitanzi kinachopita kidole, pitisha ncha nyingine ndani yake, halafu unganisha ncha zote za nje. Vuta upande wowote. Moto unatikisa uzi. Hauwezi kuufungua, kwa sababu ili ufunguke lazima kitu kikatike.

SFTI-1 nayo inaleta shaka yake. Ukitengeneza nakala iliyo wazi, yenye kichwa na mkia, bado inaibana tripsini, na umbo lake linakaribiana mno na la pete. Kubwa zaidi: mwaka 2003 ilionyeshwa kwamba nakala iliyokatwa palepale penye jino, kati ya lisini ya 5 na serini ya 6, ikiwekwa na tripsini hufungwa tena. Adui ndiye anayeshona.

Pete basi inafanya kazi gani? Inawanyima wala-ncha mahali pa kuanzia. Na kwa saiklotaidi inafanya zaidi: kalata B1 iliyofunguliwa hujikunja vizuri lakini hupoteza uwezo wa kupasua chembe nyekundu za damu. Uwezo huo una uzito shambani, kwa kuwa saiklotaidi haiui kiwavi kwa kuziba tripsini. Hushika mafuta ya utando yaitwayo fosfatidili-ethanolamini, na seli za utumbo wa kati wa kiwavi huvimba hadi kupasuka. Mwaka 2001 kalata B1 iliyochanganywa kwenye chakula iliwadumaza viwavi wa Helicoverpa punctigera, ndugu wa funza wa vitumba anayetusumbua kwenye pamba na kwenye alizeti yenyewe. Australia wameshaanza kuuza dawa ya kupulizia itokanayo na Clitoria, Sero-X.

Na kuna kosa moja linalorudiwa kila mahali: kutomeng'enywa si kufyonzwa. Peptidi inaweza kupita tumbo zima ikiwa nzima na ikatoka nzima. Ndiyo maana peptidi hizi hazijajaza maduka ya dawa pamoja na ugumu wake wote.

## Kuikamata

Kwa mwenye maabara, hizi hapa hatua za kuiona pete ya alizeti, pamoja na mahali watu wanapokwama.

Menya gramu 10 za punje. Alizeti ya Record ina mafuta mengi, na mafuta ndiyo adui wa kwanza: ukiyaacha yanaziba safu na kuficha kila kitu. Saga kwa vipindi vifupi ili kinu kisipate moto, osha unga mara tatu kwa heksani, mililita 50 kila mara, kisha uache ukauke kwenye kabati la hewa. Heksani inashika moto kirahisi kama petroli. Jiko la umeme lisiwe karibu.

Loweka unga usiku kucha, ukitikiswa, kwenye mililita 100 za maji na asetonitrili nusu kwa nusu, pamoja na asidi fomiki asilimia 1. Chuja, fukuza asetonitrili, pitisha kwenye katriji ya C18, kichujio kinachonasa vitu vinavyochukia maji. Hapa wengi hukosea kwa kufuata maelekezo ya saiklotaidi. Saiklotaidi zina uso unaochukia maji, hushika C18 kwa nguvu, kwa hiyo unaweza kuzisafisha kwa asetonitrili asilimia 20 bila wasiwasi. SFTI-1 haishiki hivyo. Kwa asilimia 20 unaweza kuimwaga na maji ya kusafishia, halafu ukaandika kwamba alizeti haina kitu. Safisha kwa asilimia 5, itoe kwa 60.

Kwenye spektrometa ya masi, tafuta 1513.7. Ukiona 1535.7 ni sodiamu imepanda mgongoni, si peptidi mpya. Ukiona 1531.7, huo ni uzi ambao haukufunga: wamezidiana 18, uzito wa molekuli moja ya maji.

Usishangilie bado. Upungufu wa 18 si ushahidi wa pete. Aspateti na asparajini zinaweza kupoteza maji au amonia zenyewe na kuacha uzi ambao kwa mizani unafanana na pete. Hata kushindwa kusoma kutoka ncha ya kwanza si ushahidi, kwa sababu protini nyingi za kawaida zimezibwa ncha hiyo.

Ushahidi ni kuikata.

Kwanza vunja salfa, la sivyo SFTI-1 itaifunga mdomo tripsini yako. Weka DTT, kemikali inayovunja madaraja ya salfa, ya milimola 10 kwenye amoniamu bikaboneti, pH 8, nyuzi 60, nusu saa. Kisha iodoasetamidi ya milimola 50, inayoziba salfa zisiungane tena, gizani, nusu saa nyingine. Kumbuka kila molekuli ya DTT inameza mbili za iodoasetamidi. Anayeweka 20 kwa 10 amelisha DTT, peptidi imebaki na njaa. pH ikishuka chini ya 7 kazi inasimama. Ukiacha muda mrefu, iodoasetamidi inaanza kuvamia lisini na unapata kilele cha ziada cha 57.

Kila sisteini iliyotoka kwenye daraja inaongeza 58. Alizeti ina mbili, kwa hiyo 1513.7 inahamia 1629.8. Kalata B1 ina sita: 2891.1 inahamia 3239.3.

Sasa kata. Kalata B1 ina glutameti moja tu, kwa hiyo kimeng'enya cha Glu-C kinaikata mara moja. Uzi ukikatwa mara moja unatoa vipande viwili. Pete ikikatwa mara moja inatoa kipande kimoja, kimeongezeka maji 18: 3257.3. Kilele kimoja, hakuna kingine, na hapo huna wa kubishana naye.

Alizeti inapendeza zaidi. Tripsini inaikata mara mbili, baada ya arginini ya 2 na baada ya lisini ya 5. Kipande kidogo, C-T-K, kinaangukia karibu na 408 na mara nyingi kinapotelea kwenye kelele za matriksi, ile kemikali inayobeba sampuli ndani ya spektrometa. Usikisikitikie. Kitazame kikubwa, 1258.6:

S-I-P-P-I-C-F-P-D-G-R

Angalia karibu na mwisho: D, halafu G. Ile ya 14 imekaa bega kwa bega na ya kwanza, ndani ya kipande kimoja kisichokatika. Uzi wenye ncha zake kati ya D na G hauwezi kukutolea kipande hicho.

## Kiasi

Nirudi Kizota.

Jino la alizeti ni kali, halikaangiki kirahisi, na kuku anayala mashudu miaka nenda rudi bila kongosho kuvimba. Sababu iko kwenye mizani, yaani kwenye kiasi, si motoni. Soya mbichi imejaa vizuizi, na mzigo mkubwa ni wa Kunitz, ambacho joto hukiua. Ndiyo maana kuichemsha kunabadilisha kila kitu. Alizeti ina kidogo mno kwa kila gramu kuweza kuzima tripsini anayoitoa kuku kwa siku. Kijana wa mizani alipaswa kusema "ipo, ila ni kidogo." Alisema "haina," na kwa mfugaji mwenye haraka matokeo ni yaleyale.

Anayetaka kupima mwenyewe aisage sampuli isiyo na mafuta, gramu 1 kwenye mililita 50 za sodiamu hidroksidi ya mola 0.01, aikoroge saa tatu. Kisha tripsini na BAPNA, kemikali ya kuipa tripsini ikate, kwenye nyuzi 37, dakika kumi kamili, asimamishe kwa asidi asetiki na asome kwenye nanomita 410. Tripsini inayofanya kazi inaachia rangi ya manjano, iliyozibwa haiachii. Kwa soya zoezi hili linakwenda vizuri. Kwa alizeti lina mtego: mbegu imejaa asidi ya klorojeniki, na kwenye alkali asidi hiyo inageuka kijani na kisha kahawia. Asiyeweka mrija wa kulinganishia, uliotiwa asidi asetiki kabla ya tripsini, anasoma rangi ya kijani akidhani anasoma kimeng'enya. Fenoli zilezile pia huing'ang'ania tripsini na kuonekana kama kizuizi. Sehemu ya "kizuizi" cha alizeti unachopima kwa uzembe inaweza kuwa fenoli tu.

Na mama yule, kama angeuliza tatizo la kweli la mashudu yake, jibu lisingekuwa na pete ndani yake. Yale yaliyokamuliwa na maganda yana nyuzi zinazofika robo ya uzito au kuzidi, na lisini yake ni haba. Kuyakaanga kungeichoma hata hiyo lisini kidogo iliyopo, kwani ikikutana na sukari kwenye joto kavu inafungwa na kuku haipati tena. Ayachekeche, ganda kubwa libaki juu ya chekeche. Halafu aongeze dagaa.